Mawese Haya ni ya Nani?

Ujumbe wa kwanza tulioupata kwenye simu ya biashara yetu haukuwa wa kununua. Ulikuwa swali. Tulikuwa tumetangaza mawese na ndagala siku kumi na tisa, watu sita, simu mbili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Siku ya ishirini, kama saa tatu usiku, simu ikalia. Mama mmoja aliyehamishiwa Marekani kutoka kambini, ambaye hatumfahamu, aliandika maneno matano tu: "Mawese haya ni ya nani?"

Mi nikajibu haraka haraka: "Ni yetu mama, tunauza, bei nafuu sana." Akasoma. Akanyamaza. Hakuandika tena.

Asubuhi nikamsomea bibi yangu. Bibi hana simu ya tachi, lakini mambo ya kuuza ameyajua kabla baba yangu hajazaliwa. Akasema: "Hakukuuliza bei. Kakuuliza mwenye mali. Wewe umemjibu kama mtu anayeuza kitu cha wizi."

Nilikasirika kidogo, nisiseme uongo. Mimi ndiye ninayefundisha vijana pale kituoni, tena somo lenyewe ni namna ya kuanzisha biashara ndogo. Nilikuwa nawaambia kutangaza ni mambo ya picha nzuri na maneno ya kuvutia. Kumbe kwenye mwambao huu watu wametangaza mali zaidi ya miaka mia na hamsini kabla ya simu, na swali lao limekuwa lilelile la yule mama. Ndo maana nimeandika insha hii kwa ajili yenu, wenzangu tuliopita kambi moja au nyingine. Wengi wenu mnataka kuanza kitu. Kabla hamjapiga picha ya kwanza, sikilizeni historia yetu kwanza.

Soko la Ujiji

Kwa asiyefahamu: Nyanza-Lac ipo kusini kabisa mwa Burundi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Tanzania. Nyanza ni maji makubwa kwa lugha nyingi za huku, na Lac ni ziwa kwa Kifaransa. Yaani jina la mji wetu linasema ziwa mara mbili, na ukifika utaona halikukosea. Ukipanda kaskazini unafika Rumonge, kisha kama kilomita 70 mbele unafika Bujumbura. Ukishuka kusini kwa maji, unapita Kagunga, unafika Kigoma na Ujiji.

Ujiji ndipo soko kubwa lilipokuwa. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika pale Februari 1858, na Aprili mwaka huohuo wakapanda mitumbwi kwenda Uvira wakipita mbele ya mwambao wetu. Safari zile ziliandikwa, na ndani yake mnaonekana mali zetu: mawese yaliyotoka Urundi, samaki wa kukaushwa, nafaka. Kutoka upande mwingine ilikuja chumvi ya Uvinza, iliyopikwa kutokana na maji ya chemchemi za chumvi za kule Malagarasi. Kutoka pwani zilikuja nguo na shanga. Katika miaka ya 1870 shanga zilizoitwa sofi zilikuwa sarafu kabisa pale Ujiji: zilitungwa kwenye kamba kwa hesabu, na walikuwepo watu wa kukaa sokoni kazi yao kubadilisha nguo kwa shanga na shanga kwa nguo, ili mtu apate chenji ya kununua mboga.

Nisipamba. Soko lilelile liliuza watu. Misafara iliyokuja kutafuta pembe za ndovu ilichukua na binadamu, na mwambao wetu ulijeruhiwa na hilo. Kwa hiyo mtu wa Urundi aliyeteremka Ujiji na mtungi wa mawese alikuwa na jambo la kuogopa kuliko bei. Angeweza kunyang'anywa mtungi. Angeweza kutorudi yeye mwenyewe.

Sasa alifanyaje biashara? Alitafuta mtu. Watu wa ziwani walikuwa na desturi ya kuchanjiana: wawili wanachanja ngozi, wanaonja damu, wanakuwa ndugu. Wasafiri wengi wa zama zile waliona desturi hiyo na kuiandika, na wengine walichanjiwa wao. Mgeni mwenye ndugu wa kuchanjia alikuwa na nyumba ya kulala, na mtu wa kusema mbele ya soko: huyu ni wangu, mali yake naijua, akidhulumu njooni kwangu, na akidhulumiwa nitasimama mimi.

Nikiifikiria hiyo naona ndilo lilikuwa tangazo. Hakuna ubao, hakuna picha. Kuna mtu mmoja anayejulikana, anamsimamia mtu mmoja asiyejulikana. Mawese yalipata wanunuzi kwa sababu yalikuwa na mdhamini.

Kizuri chajiuza?

Tulipokuwa wadogo tuliambiwa, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Bibi mwenyewe anaipenda methali hii. Lakini nimemwangalia miaka mingi, na vizuri vyake alivitembeza kweli kweli.

Anasema zamani, msichana wa Nyanza-Lac akipeleka ndagala milimani kwa watu wa mihogo na maharagwe, hakusimama sokoni kimya. Alitaja ufukwe zilikovuliwa. Alitaja usiku zilipovuliwa, maana ndagala huvuliwa kwa taa kwenye giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mnunuzi mjanja akiona mtu anauza "ndagala za jana" mwezi ukiwa mkubwa, anajua anadanganywa. Aliwapa watu waonje. Alipima kwa kopo, akaongeza kiganja juu, nyongeza. Na juma lililofuata alirudi palepale, chini ya mti uleule.

Hilo la mwisho bibi analirudia kila mara. Anasema nyongeza humfurahisha mtu siku moja, lakini kurudi chini ya mti uleule ndiko kunakomwambia mnunuzi kwamba hukukimbia na hela zake.

Na si sisi tu. Angalieni kanga za mama zenu. Zipo zilizoandikwa pembeni maneno "Mali ya Abdulla". Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zimefika hadi huku kwetu ziwani. Ukiisoma vizuri, alama ile haisemi kanga ni nzuri wala bei ni nafuu. Inasema mali hii ina mwenyewe, na jina lake ni hili. Mwanamke aliyeuziwa kanga inayochuja rangi alijua amlaumu nani. Biashara ile imepita wajerumani, waingereza na uhuru, na maneno yenyewe ni matatu.

Kwetu mambo yalibadilika kwa kasi baada ya hapo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata Wajerumani waliishusha majini meli waliyoiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916 Wabelgiji walipokaribia. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Burundi ikawa chini ya Wabelgiji. Kufikia miaka ya 1950 taa za karabai zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi ya mioto ya kuni na mafunjo kwenye mitumbwi, na samaki wakaongezeka. Rumonge na Nyanza-Lac zikajulikana kwa vitu viwili, michikichi na samaki. Mtu wa Gitega akisikia "mawese ya Rumonge" hakuuliza zaidi. Jina la mahali lilikuwa limekuwa mdhamini wetu sisi wote.

Jina linapokimbia

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huku kusini, Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine. Waasi waliua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya wakati ule ikajibu kwa mauaji ya nchi nzima, hasa ya Wahutu, na makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki tatu. Waliobaki hai kwenye mwambao wetu walivuka kwenda Tanzania. Wengi wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mashamba ya michikichi waliyoyaacha yakapata wenyewe wengine.

Bibi alikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mgongoni, ambaye ni baba yangu. Hakwenda kwenye makazi. Alibaki Kigoma mjini, na kama wengi waliobaki mjini, alisema yeye ni Muha. Kiha na Kirundi ni ndugu, ukipunguza maneno unapita. Alikamua mawese ya wenye mashamba wa pale, akayauza sokoni, miaka zaidi ya thelathini.

Nilimuuliza: "Ulikuwa unatangazaje?"

Akacheka. "Sikutangaza. Ningetangaza nini? Mtu akiniuliza umejifunza wapi kukamua safi hivi, nilisema hapa hapa. Nikisema Nyanza, kesho naulizwa karatasi."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho vitabu vya biashara havinifundishi. Tunasema mkimbizi hupoteza shamba, nyumba, ng'ombe. Ni kweli. Lakini bibi alitoka na kazi yake mikononi, hakuna aliyemnyang'anya. Alichopoteza ni ruhusa ya kusema imetoka wapi. Alikuwa na mawese mazuri kuliko jirani zake, na aliyauza kwa bei ya chini kuliko wao, kwa sababu mali isiyo na historia mnunuzi huishusha bei anavyotaka. Methali ya kizuri chajiuza ni ya watu waliokaa kwao.

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa kundi lile la 1972. Wengine makumi ya maelfu walikuwa wamesharudi Burundi tangu 2008. Sisi tulikuwa kati ya waliorudi. Nilikuwa na miaka tisa, nimezaliwa Kigoma, sijui Nyanza-Lac hata kwa picha. Mambo ya ardhi, kesi na tume, mnayajua. Kila familia ina yake, na yetu siiandiki hapa. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza sokoni bibi alisimama na bido lake la mawese akasema kwa sauti jina la baba yake na jina la kilima chake. Mzee mmoja akageuka. Akanunua bila kuonja.

Kagunga

Tukakaa miaka saba. Kisha ikaja 2015.

Wengi wenu mlikuwa pale, sina haja ya kueleza sana. Kagunga ni kijiji kidogo cha wavuvi, mlima nyuma, ziwa mbele, na wakati ule barabara ya gari haikuwepo. Mwezi wa tano mwaka ule tulijaa makumi ya maelfu kwenye ufukwe ule. Kipindupindu kikaingia. Liemba ilileta matumaini: ilitia nanga mbali kidogo, watu wakapelekwa kwa mitumbwi, kama mia sita kwa safari, hadi Kigoma, kisha uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya Nyarugusu. Meli ya vita ya mwaka 1915 ikatubeba sisi miaka mia moja baadaye.

Ninachokumbuka kwa ajili ya insha hii ni mwanamke mmoja aliyekuwa akipita katikati ya watu na chupa ndogo ndogo za mawese. Hakuita bei. Aliita: "Nani wa Nyanza? Nani wa Nyanza?" Ukijitokeza anakuuliza kilima, anakuuliza ukoo, mkipatana hata jina moja mnalolijua wote anakuuzia, na kama huna hela anakukopesha. Asipopata jina anapita. Nilidhani amechanganyikiwa. Leo najua alikuwa mfanyabiashara mwenye akili kuliko wote pale ufukweni: alikuwa akitafuta wadhamini katikati ya watu ambao kila kitu chao kimevunjika.

Kambini tukarudia yaleyale. Si mnakumbuka daftari za mkopo? Sabuni, chumvi, vocha. Muuzaji hakuangalia kadi yako. Aliuliza unakaa blok gani, unasali wapi, nani anakufahamu. Simu nazo zilikuwa zimeenea. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, kwa hiyo sisi tulipofika tulikuta watu wameshazoea kutumiana hela kwa namba. Burundi nako tuliporudi tulikuta Lumicash na EcoCash. Hela ikajifunza kusafiri bila mtu. Uaminifu bado ulikuwa unasafiri na mtu.

Duka lisilo na mlango

Nilirudi Nyanza-Lac 2019 na cheti changu cha sekondari. Mwaka 2023 tukaanza, vijana sita, wote warejee. Kila mmoja alitoa faranga elfu hamsini. Wazo lilikuwa dogo makusudi. Hatukutaka kuuza kila kitu. Tulitaka kuuza vitu vitatu tu vya mwambao huu, mawese, ndagala (Kigoma wanaziita dagaa) na mikeke ya kukaushwa (Kigoma wanaiita migebuka), tena kwa mtu wa aina moja tu: Mrundi aliye mbali, ambaye mama yake au dada yake yuko Bujumbura au Gitega. Yeye analipia kwa simu kupitia ndugu, sisi tunafikisha mlangoni kwa mama. Mafuta ya kupikia yapo kila butiki. Lakini mtu aliyelelewa kwa isombe la mawese, ukimpelekea mama yake mawese ya nyumbani, umempelekea salamu.

Tangazo letu la kwanza lilikuwa aibu, sasa naweza kusema. Tulichukua picha mtandaoni, chupa inayong'aa, sijui ni ya nchi gani. Tukaandika kwa herufi kubwa BIDHAA BORA, BEI NAFUU, WAHI SASA. Tukasambaza kwenye magrupu yote tuliyokuwemo, mengine watu walitutoa. Siku kumi na tisa kimya. Ya ishirini, lile swali.

Baada ya maneno ya bibi tulikaa chini tukabadilisha mambo. Nayaandika kwa sababu najua kuna watakaoyahitaji.

Kwanza, picha. Tulikwenda Mvugo, hapa hapa Nyanza-Lac, kunakokaushwa ndagala kwenye vichanja vya waya vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka chini. Zamani zilianikwa mchangani. Zikala mchanga, zikala uchafu wa kuku, mvua ikinyesha zinaoza, na zilichukua muda mrefu zaidi kukauka. Kwenye kichanja hewa inapita juu na chini, saa nane hivi zimekauka. Tulipiga picha ya kichanja, mikono ya mama anayegeuza, na ziwa nyuma. Picha haikuwa nzuri, jua lilikuwa kali. Lakini mtu wa Nyanza akiiona ule mlima wa nyuma anaujua.

Pili, sauti. Watu wetu wengi wanasikiliza kuliko wanavyosoma. Badala ya maandishi tukatuma ujumbe wa sauti wa dakika moja. Bibi ndiye alisema: jina lake, kilima chake, mawese yamekamuliwa mashine gani na siku gani. Mwisho akasema, "Yakiwa mabaya nitukaneni mimi, msiwatukane watoto." Sauti ile ilisambaa bila sisi kuisambaza. Ndani ya siku nne tukapata oda tano, na tatu zilianza na salamu kwa bibi kabla ya bei.

Tatu, kusema ubaya mapema. Gitega kuna baridi, mawese yanaganda. Mteja wa kwanza alidhani tumemletea yaliyoharibika. Tangu siku hiyo kila bido linakwenda na maelezo: yakiganda yaweke juani au karibu na jiko, hayajaharibika. Na mafuta ya gari yakikosekana nchini, jambo ambalo miaka hii limetokea sana, tunasema mapema kwamba mzigo utachelewa. Hatusubiri mtu atuulize.

Nne, hatukupokea oda zaidi ya tunazoweza kuzifuatilia sisi wenyewe. Hili niliwahi kulifundisha kituoni bila kulielewa.

Bido saba

Nalo hili la nne ndilo tulilolivunja. Mwezi wa kumi na mbili kila mtu anataka kumtumia mama yake kitu. Oda zikazidi. Siku moja hatukwenda mashineni, tukanunua bido saba za lita tano kwa mtu wa kati pale sokoni. Yalikuwa na rangi nzuri. Tukayapeleka.

Siku ya tatu mama wa Gitega akapiga simu mwenyewe. Anasema mawese yanarukaruka kwenye sufuria, na chini ya bido kuna maji. Tukapiga simu kwa wengine sita. Yote ni hivyo hivyo.

Tulikutana jioni nyumbani kwetu. Kurudisha hela za bido saba pamoja na nauli kulimaanisha kumaliza karibu faida yote ya miezi miwili. Tuligawanyika watatu kwa watatu. Mmoja wetu, tena rafiki yangu wa kambini, alisema: "Wale ni wakimbizi wenzetu. Wataelewa. Sisi pia tumedhulumiwa na huyo muuzaji." Nisiwafiche, mi nilikuwa upande wake. Baba yangu alikuwa mgonjwa, na fungu langu la ile faida nilikuwa nimeshalihesabu.

Aliyetugeuza ni binti mdogo kuliko wote, anayetunza daftari. Alisema kambini mama yake alinunua unga wenye mchanga, akarudi kwa muuzaji, muuzaji akamwambia hivyohivyo: sisi wote ni wakimbizi, vumilia. Akasema, "Mama hakumsahau yule. Lakini pia aliacha kununua kwa Mrundi yeyote." Hakuongeza neno. Tukapiga kura tena, tukawa watano kwa mmoja.

Tulirudisha hela zote. Kisha tukatuma sauti, safari hii yangu, si ya bibi, kwenye magrupu yaleyale tuliyotangazia: bido saba za juma lililopita zilikuwa na maji, kosa ni letu kwa sababu hatukuyaona yakikamuliwa, waliopata wamerudishiwa. Mikono ilikuwa ikitetemeka nilipobonyeza. Nilidhani ndo tumejizika.

Wateja wawili kati ya saba hawakurudi hadi leo. Rafiki yangu alijitoa kwenye kundi, na bado hatujapatana vizuri, jambo linaloniuma. Watano walirudi, na baada yao wakaja wengine ambao kila nikiwauliza "umetujuaje?" wananitajia ile sauti ya bido zenye maji. Hatujatajirika. Januari tulianza upya na hela ndogo kuliko tuliyoanza nayo. Lakini sasa kabla ya kupeleka mzigo mmoja wetu analala mashineni, na jina lake linaandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya bido.

Kwenu mliobaki

Baadhi yenu mmeniandikia kwamba mnataka kuuza vikapu, vitenge vya kushona, sabuni ya mawese, na mnaniuliza mweke maneno gani kwenye tangazo. Mimi nimesoma hadi sekondari tu, sina elimu ya masoko. Ninachoweza kuwaambia ni kile nilichokiona nikirudi nyuma, kutoka simu hadi daftari la kambi, hadi ufukwe wa Kagunga, hadi mti wa bibi, hadi ndugu wa kuchanjia wa Ujiji. Kila mara mnunuzi alitaka kujua nani atajibu mambo yakiharibika. Sisi tuliokimbia ndio tunaoulizwa swali hilo zaidi, na ndio tuliozoea kulikwepa, kwa sababu kujitaja kumewahi kutuponza. Siwalaumu wanaojificha. Bibi yangu alijificha miaka thelathini na akatulea. Lakini kama mahali ulipo unaweza kujitaja bila hatari, jitaje. Taja na kilima. Anayekijua atakuja.

Yule mama wa swali la kwanza hajarudi. Namba yake bado ninayo. Wiki iliyopita nilimwandikia, mwaka na zaidi umepita: mawese yamekamuliwa jana asubuhi Nyanza-Lac, niliyeyasimamia ni mimi, mjukuu wa bibi uliyesikia sauti yake pengine, yakiwa na kasoro nitafute mimi.

Amesoma. Hajajibu. Bibi anasema nisimharakishe.